Kupiga video za urembo kwa karibu: taa, lenzi na pale unaposimama

Siku niliyoielewa kazi hii nilikuwa nimevaa jezi ya Simba. Ilikuwa saluni moja ya Tabata, bibi harusi ameketi, mpambaji kamaliza, nami nimeinama na kamera karibu kabisa na uso wake. Nyumbani, kwenye skrini kubwa, shavu la kushoto likaonekana na wekundu ambao mpambaji hakuupaka. Nikadhani blasha imezidi. Nikasimamisha video, nikakuza jicho, na ndani ya mboni nikamkuta mtu mdogo mwekundu ameinama na kamera. Ndiye mimi. Jezi yangu ilikuwa imempaka bibi harusi rangi.

Tangu hapo navaa fulana nyeusi kazini, hata siku ya mechi. Na tangu hapo naitazama ngozi kama kioo. Ukipiga mtu mzima kutoka mbali unapiga mtu. Ukipiga mdomo, jicho au shavu kwa karibu, sehemu kubwa ya unachokipiga ni taswira ya taa, ukuta, dirisha na wewe mwenyewe ikirudi kutoka kwenye unyevu, mafuta na losheni. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "taa gani?" uliza "uso huu unaona nini?"

Anza na umbali

Watu huniuliza lenzi gani inapunguza pua. Hakuna. Pua inakuzwa na ukaribu wako, lenzi inafuata tu. Utafiti wa madaktari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu selfi ulikadiria kwamba picha iliyopigwa kutoka sentimita 30 hufanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo, na ukirudi hadi mita 1.5 upotoshaji huo karibu unaisha. Ndiyo maana mtu anajichukia kwenye selfi halafu anapendeza kwenye picha ya shangazi aliyekaa meza ya pili.

Basi kwa uso mzima, simama mita 1 hadi 1.5 kutoka kwa mrembo. Umbali huo ukishauweka ndipo unachagua lenzi itakayojaza fremu. Ukifanya kinyume, yaani unashika lenzi uliyonayo kisha unasogea mpaka uso ujae, lenzi pana itakupeleka hadi puani mwa mtu.

Wanaotumia simu hapa ndipo wanaposhikwa. Lenzi kuu ya simu nyingi ni sawa na milimita 24 hadi 26 (namba ikiwa ndogo lenzi inaona pana, ikiwa kubwa inavuta), pana sana kwa uso. Rudi nyuma utumie lenzi ya kuvuta, ile ya x2 au x3. Lakini hakikisha ndiyo inayofanya kazi kweli. Simu nyingi, mwanga ukipungua au ukisogea karibu mno, huiacha lenzi ya kuvuta kimyakimya na kukata picha ya lenzi kuu, huku kwenye skrini imeandikwa x3. Ziba lenzi moja moja kwa kidole uone ni ipi inayotia giza. Na ile hali ya makro ya simu, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, kwa uso iache: mara nyingi inatumia lenzi pana kuliko zote, inakulazimisha usogee sentimita chache, na kivuli cha simu kinaangukia kwenye kazi ya mpambaji.

Lenzi zenyewe

Kwa kamera ya fulu fremu, yaani yenye kihisi (kile kipande kinachopokea picha) cha upana wa milimita 36, lenzi ya uso ni milimita 85. Kwa kamera ya kihisi kidogo, 50 inafanya karibu kazi hiyohiyo, kwa sababu kihisi kinaizidisha mara 1.5 au 1.6. Ile 50 ya f/1.8 (f ni tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga mwingi unaingia) ya bei ya chini inayopatikana hata mkononi mwa mtu inatosha kabisa kuanzia.

Ila 85 ina mpaka wake, na wengi wanaujua siku ya kazi. Nyingi hazikamati fokasi ukisogea chini ya sentimita 80 au 85. Kwa umbali huo fremu inachukua karibu sentimita 28 upande wake mrefu. Ukipiga wima kwa ajili ya TikTok na Instagram, unapata uso mzima. Ukipiga kulala, unapata kuanzia juu ya nyusi hadi kidevu. Mdomo peke yake ukajaza fremu? Haiwezekani. Lenzi ya 50 itakubali usogee hadi sentimita 35, lakini hapo umeshaanza kuikuza pua, na kivuli chako kinaingia.

Mdomo, kope na kucha vinataka makro ya milimita 90 hadi 105. Lenzi hizi hupiga kitu kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisi: sehemu yenye upana wa milimita 36 inajaza fremu nzima, yaani jicho moja na kope zake. Na ukirudi mita moja na nusu, makro hiyohiyo ni lenzi nzuri ya uso. Ningekuwa na pesa ya lenzi moja tu kwa kazi za urembo ningenunua makro, na hiyo 85 ningeazima.

Kama makro ni ghali, kuna njia mbili. Pete za kurefusha lenzi, zinazokaa kati ya lenzi na kamera, hazina kioo ndani kwa hiyo haziharibu picha, ila zinakula mwanga kidogo na huwezi tena kufokasi mbali. Au kioo cha kukuza kinachofungwa mbele ya lenzi: chenye namba +2 kinaifanya lenzi iliyowekwa kwenye umbali wa mwisho ifokasi nusu mita. Vile vya bei rahisi sana huleta ukingo wa zambarau kwenye kope nyeusi, kwa hiyo jaribu dukani kwanza.

Fokasi: hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia

Kila aliyenunua lenzi ya f/1.8 anataka kuitumia kwa f/1.8. Piga hesabu. Lenzi ya 85 kwa f/1.8 ukiwa sentimita 85 inakupa eneo kali, yaani lililo kwenye fokasi, la sentimita 1 tu. Kope zikiwa kali, ncha ya pua imeshayeyuka na sikio halipo. Kwa f/5.6 unapata zaidi ya sentimita 3, na hapo macho na midomo vinaanza kukaa pamoja. Kwenye makro hali ni ngumu zaidi: mdomo ukijaza fremu, f/5.6 inakupa milimita mbili na ushei. Mrembo akivuta pumzi, ametoka kwenye fokasi.

Kwa hiyo uso, f/4 hadi f/5.6. Midomo na kope, f/8 hadi f/11. Ndiyo, inahitaji taa zaidi, tutafika huko.

Kichwa kitulie. Kiti cha saluni chenye egemeo la kichwa ni kifaa bora kuliko stendi yoyote ya bei mbaya. Kamera iwe kwenye tripodi. Zima fokasi ya kufuata macho unapopiga midomo, maana kamera itarudi jichoni bila kukuuliza. Weka fokasi kwa mkono, kisha kama mrembo amesogea milimita tatu, isogeze kamera milimita tatu badala ya kuzungusha pete. Reli ndogo ya kutelezesha kamera ni rahisi na inaokoa mengi.

Zima taa zote za saluni

Zote. Na ile ya duara pia, kwa sasa.

Sababu ya kwanza ni umeme. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za mirija na balbu nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Simu iliyowekwa fremu 30 inaona, nawe unapata mistari ya giza inayopanda polepole juu ya paji la uso. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Ukitaka mwendo wa taratibu, fremu 50 na shata 1/100. Fremu 120 chini ya taa za saluni ni kujitafutia ugomvi. (Aliye Muscat au Dubai atumie hesabu hizihizi. Aliye Riyadh, Toronto au Minneapolis, umeme wake ni mizunguko 60, kwa hiyo fremu 30 na shata 1/60.) Taa zako mwenyewe nazo zipime: zipunguze mwanga hadi asilimia 10, zipige kwa mwendo wa taratibu, uone kama zinatetemeka.

Sababu ya pili ni rangi. Taa ya mrija ina kijani, balbu ya kioo cha saluni ina njano, dirisha lina buluu. Huwezi kurekebisha yote matatu kwenye shavu moja.

Ukinunua taa, boksi litaandikwa CRI, namba ya jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli, 95 au zaidi. Usiishie hapo. Namba hiyo ni wastani wa rangi 8 zilizopauka, na wekundu mkali haumo. Wekundu unapimwa peke yake kwa namba inayoitwa R9. Taa inaweza kujisifu kwa CRI nzuri huku R9 yake iko chini, na hapo lipstiki nyekundu inatoka kama ya matofali, na damu inaondoka usoni mwa mtu. Tafuta R9 ya 90 na kuendelea. Dukani, kama muuzaji haijui, washa taa, weka kiganja chako chini yake, kisha kitoe nje juani. Kiganja kikionekana cha mgonjwa chini ya taa, iache hapohapo.

Waiti balansi, yaani jinsi kamera inavyotambua weupe, iweke kwa mkono, 5600K kwa taa ya mchana, na usiiachie kamera. Mpambaji akipita mbele na gauni jekundu, kamera inayojipangia yenyewe itabadilisha rangi ya uso katikati ya klipu.

Taa kuu: iwe kubwa, ije karibu

Taa kubwa ikiwa mbali ni taa ndogo. Jua ni kubwa kuliko dunia, lakini kutoka hapa tulipo ni nukta, ndiyo maana kivuli chake ni kikali. Softiboksi (boksi la kitambaa cheupe linalovikwa taa ili kulainisha mwanga) ya sentimita 90 isimame sentimita 90 kutoka usoni au karibu zaidi, iingie mpaka ukingo wake unakaribia kuonekana kwenye fremu. Kwa kupiga karibu una bahati: fremu ni ndogo, taa inaweza kuja jirani kabisa bila kuonekana. Tena ukiisogeza kutoka mita 1 hadi nusu mita, mwanga unaofika usoni unaongezeka zaidi ya mara mbili. Hapo ndipo ile f/8 inapolipwa. Taa ya LED ya wati 60 hadi 100 ikiwa karibu inatosha kazi nyingi.

Sasa ipange. Mimi naanza na mtindo wa chaza. Taa inakaa juu ya kamera, imeinamia uso kwa nyuzi kama 45. Chini ya kidevu, kifuani, unaweka ubao mweupe, hata kifuniko cha boksi la kuwekea samaki kinafaa kikiwa safi. Uso unakaa katikati kama lulu. Mwanga wa juu unachonga mashavu, ubao unarudisha mwanga chini ya macho na chini ya pua, na mikunjo midogo inajificha. Ubao ukiupandisha sana uso unakuwa bapa. Ushushe mpaka kivuli kidogo kibaki chini ya kidevu, hapo acha.

Mwanga ukitoka ubavuni unaonyesha kila kinyweleo, kila chunusi na kila mahali poda ilipogandia. Hiyo ni silaha ukipiga video ya "kabla na baada", na ni ukatili ukipiga bibi harusi.

Huna taa? Dirisha na shuka jeupe la pamba ni softiboksi kubwa kuliko ya mtu yeyote Kariakoo. Lisiwe la satini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la mchana linapita kaskazini yetu, na dirisha la kusini linakupa mwanga uliotulia. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi geuza: dirisha la kaskazini ndilo rafiki. Nje saa sita mchana usijaribu. Jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo.

Ngozi nyeusi si tatizo la kurekebishwa

Kadi ambazo maabara za Kodak zilipimia rangi, maarufu kwa jina la Shirley, kwa miaka mingi zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na kamera zetu bado zina ugonjwa wa ukoo huo. Kipima mwanga cha kamera hudhani kilicho mbele yake ni kijivu cha kati kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga. Mpige mtu mweusi tii kutoka mbali, usuli utasawazisha kidogo. Mpige kwa karibu, uso ukajaza fremu, kamera inaona giza tupu na kuanza kuling'arisha. Matokeo ni ngozi yenye majivu, na mpambaji analaumiwa kwa faundesheni asiyoikosea.

Zima kujipanga kwa kamera. Tumia mistari ya pundamilia, inayotokea kwenye skrini mahali penye kiwango cha mwanga ulichochagua, kama kamera inayo. Kwangu mimi shavu la mtu mweusi tii linakaa vizuri kati ya asilimia 35 na 50, la maji ya kunde 50 hadi 60, na mng'ao wa juu kabisa usivuke 90.

Kisha kuna jambo la mng'ao wenyewe. Tabaka la juu la ngozi hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kama kioo, na kiasi hicho hakijali mtu ni mweusi au mweupe. Kinachobadilika ni kilicho chini yake. Kwenye ngozi nyeupe mng'ao unamezwa na weupe ulioko pembeni. Kwenye ngozi nyeusi unasimama peke yake. Ndiyo maana taa ndogo kali inamwachia mtu mweusi doa jeupe kwenye paji la uso kama amemwagiwa maji, na taa ileile ikipitishwa kwenye kitambaa kipana inamwachia utelezi mzuri kuanzia kwenye nyusi hadi shavuni. Usiongeze nguvu ya taa. Ongeza upana wake. Na ukitaka shavu lionekane na umbo, weka kitambaa cheusi, kaniki kuukuu inatosha, upande wa pili sentimita 30 hivi kutoka usoni. Shavu likiona weusi, linachongeka.

Kichujio cha polaraizi kinapunguza mng'ao huo ukikizungusha. Kina faida kwa mtu anayetoka jasho, nasi wa Pwani tunatoka. Ila kinakula mwanga, na kikifika mwisho ngozi inakuwa kama karatasi. Mpambaji aliyetumia dakika 20 kupaka hailaita, ule mng'ao wa mashavuni, hatakusamehe. Mimi hutumia feni na karatasi za kufyonza mafuta kwanza.

Midomo, polepole

Hapa ndipo pa kukaa. Mdomo wenye glosi ni kioo kilichobinuka. Washa taa ya duara mbele yake, utaona pete nyeupe imekaa kwenye mdomo wa chini kama kifuniko cha soda. Softiboksi ya mraba inaacha dirisha dogo. Unachotaka kwa kawaida ni mstari mmoja mrefu unaofuata umbo la mdomo, na mstari huo unatokana na taa ndefu nyembamba iliyolazwa, kwa mfano sentimita 30 kwa 120. Huna? Ziba softiboksi yako kwa kaniki juu na chini, ubakize ufa katikati.

Makro, f/11, mdomo umejaza fremu. Taa iwe juu ya lenzi. Sasa usitazame mdomo, tazama mstari mweupe. Ukipandisha taa, mstari unapanda. Ukiileta karibu, unanenepa. Ukiishusha chini ya usawa wa lenzi, unahamia ukingo wa chini na mdomo unaonekana umelowa. Mimi husimamisha mstari kwenye theluthi ya juu ya mdomo wa chini, na mwingine mwembamba juu ya upinde wa mdomo wa juu.

Halafu unaikaza kamera isisogee, unamwomba mrembo atulie, na msaidizi anaitembeza taa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, sekunde nne. Mng'ao unapita juu ya midomo kama gari la usiku linavyopita ukutani. Hakuna kilichosogea zaidi ya taa, fokasi haikuguswa, na ndiyo klipu ambayo mwenye lipstiki atakulipia.

Kwa lipstiki kavu isiyong'aa mambo ni kinyume: rangi ndiyo habari, basi tumia taa pana kabisa na mdomo ulainishwe kabla, dakika kumi, halafu ufutwe. Makro inaonyesha kila gamba.

Macho ni mafupi kuyaeleza. Amua unataka umbo gani ndani ya mboni, kwa sababu taa yako itaonekana humo. Taa ya duara ina nafasi yake hapa, kwa mafunzo ya wanja na rangi za kope, kwa kuwa haiachi kivuli cha mkono wa mpambaji. Kwa mapambo ya harusi usiitumie, kila mtu ana pete zilezile machoni.

Hina na piko zinapigwa zikiwa bado mbichi, taa imelala karibu usawa wa mkono ili mistari iliyoinuka ipate kivuli chake. Ikishakauka na kubanduliwa, rudi kwenye mwanga mpana.

Kabla mrembo hajanyanyuka

Usihakikishe kwenye skrini ya kamera peke yake, ni ndogo na inadanganya. Hamishia klipu mbili kwenye simu, kuza hadi mwisho, tazama kope na pembe za midomo. Shika lipstiki yenyewe pembeni ya simu ulinganishe rangi. Tazama mboni: kuna dirisha ulilosahau, kuna jezi? Kama lenzi imetoka kwenye chumba cha kiyoyozi kuingia joto la nje imeshika ukungu, usiifute. Irudishe kwenye begi ikae dakika 20, huku umemwomba mpambaji amshikilie mtu wako kwenye kiti. Akishafuta midomo, kurudia kunaanzia kwenye poda.